Vipande Thelathini na Vinane

Mama Sijaona alifungua belo la mitumba Jumamosi,
Kanyenye, hatua chache kutoka meza yangu ya saa,
na chini ya makoti ya baridi za nchi za watu
yakatoka maboksi matatu ya ndege za kuunga.
"Fundi, nani atanunua vitu hivi Tabora?"
Nikasema niwekee mpaka saa kumi.
Sikusema kwamba mikono ilishaanza kuniwasha.

Tangu simu zijifunze kutaja saa
meza yangu hupokea vumbi kuliko wateja.

Nyamizi akaja kutoka shule, mkono wa sare una wino,
akalidaka lile kubwa: injini nne,
bunduki mgongoni, moto umechorwa kifuniko kizima.
"Hili."
Nikamwonesha pembeni, kwa maandishi ya sisimizi:
vipande mia mbili na kumi na sita.
"Nitaweza."
"Utaweza mpaka cha arobaini.
Cha arobaini na moja kitadondoka chini ya kabati,
nawe utakumbuka ghafla una kazi ya hisabati."
Akacheka, lakini hakuliachia.

La pili, helikopta. Mapanga membamba kama miguu ya panzi.
Hata mimi niliyezoea skrubu za saa za kike
nililifunga taratibu,
kama mtu aliyechungulia chumba kisicho chake.

La tatu lilikuwa limepasuka ubavu.
Injini moja. Bawa moja refu, limelala juu ya kichwa
kama mtu aliyejitwika ubao anarudi nao Isevya.
Ndege ya namna ile tunaijua: huleta daktari,
huzunguka mara moja juu ya reli kabla ya kushuka.
Vipande thelathini na vinane,
vinene, vya kushikika,
na bawa lina mfereji wake, hukaa bila kubembelezwa.
Rangi hamna kazi: nyeupe tayari,
mstari wa buluu ni stika.
Moja kwa sabini na mbili, kifuniko kinasema.
Nikamweleza: panga hizi sabini na mbili, pua kwa mkia,
ndipo utaufikia urefu wa ile ya kweli.
Akahesabu kwa midomo.
"Yaani kutoka hapa hadi kwa muuza asali?"
"Hapo hapo."

"Ya kwanza," nikamwambia, "si ile unayoitamani.
Ni ile utakayoimaliza."
Maneno mazuri. Niliyapenda mwenyewe.
Akanitazama. "Wewe umeshaunga ngapi?"

Mashine ya kusaga karanga ikanguruma,
nikajifanya sijasikia.
Ikanyamaza. Akauliza tena.

"Hata moja."

"Basi hii ni ya kwanza yetu sote,"
na lile kubwa akalirudisha bila kuliangalia.
Tukalipa elfu tatu: mbili zangu,
moja ya maandazi yake ya wiki nzima.

Gundi tuliichovya kwa ncha ya sindano.
Nimejifunza: kwa kazi hii
ndo ndo ndo ina heri kuliko chururu.
Dirisha la kushoto lina alama ya dole gumba langu,
litazikwa nayo.
La kulia, alilolibandika yeye, ni safi kama maji ya mtungi.

Siku ya tatu, propela haipo.
Kwenye fremu, mahali pake, pengo la jino.
Labda ilidondokea ule ubavu uliopasuka,
sasa iko mfukoni mwa koti la mtu, sijui wapi.
Nikavuta droo ya saa zisizofuatwa,
nikatoa ya Mwalimu Nkwabi, aliyesema angerudi Ijumaa,
Ijumaa ya mwaka ule tumbaku ilipokosa bei.
Nikang'oa mishale yote miwili.

"Akirudi je?"
"Tutamwonesha ilipo."

Mmoja mrefu, mmoja mfupi,
nikaibandika juu na chini ya pua, imenyooka.
Nyamizi akainama mpaka jicho likagusa meza.
"Fundi, ndege yetu ni saa kumi na mbili kamili."

Ya asubuhi au ya jioni,
bado hatujakubaliana.